Malaika wangu anadaiwa kodi ya nyumba

Katika Demon: The Fallen, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, uliotolewa na White Wolf mwaka 2002, malaika walioasi wanatoroka Kuzimu na kujipenyeza kwenye miili ya binadamu waliokata tamaa. Utamu uko hapo: mwili unakuja na kumbukumbu zake, madeni yake na mke mwenye maswali mengi. Mhusika wangu ni malaika wa ukoo wa Halaku, wachukuaji wa roho za wafu. Sasa anaendesha teksi na anadaiwa kodi. Nguvu zake zinatokana na imani ya watu, lakini akifanya ukatili, alama za Mateso zinapanda. Karatasi ninayoandikia alama zake imeshachanika kwa raba pale! Zikifika 10 za kudumu, mhusika si wako tena. Vita vya mbinguni vinanichosha, kusema kweli. Nipe ugomvi na mwenye nyumba.