Tone moja, dakika mbili
Glaukoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza, ndiyo maana kusoma herufi ukutani hakutoshi. Ukienda kliniki ya macho, iwe hospitali ya KCMC hapa Moshi au kwingine, omba wapime presha ya jicho (kawaida 10 hadi 21 mmHg) na waangalie mshipa wa fahamu kwa nyuma. Wapo wanaoharibika mshipa huo hata presha ikiwa ya kawaida.

Dawa ya matone: vuta kope ya chini, dondosha tone moja, fumba, bonyeza kona ya jicho upande wa pua dakika 2. Usipobonyeza, dawa hushukia puani na kuingia kwenye damu. Mwenye pumu aseme mapema, timolol, mojawapo ya matone hayo, inaweza kumbana kifua. Tone la dawa ya pili lisubiri dakika 5, la sivyo litaosha la kwanza.