Jina la Singer katika tovuti yangu ya cherehani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifufua cherehani kuukuu za Singer, za mkono na za kukanyaga, na kuandika hatua za matengenezo katika tovuti ndogo ambayo hainiingizii hata senti moja. Nilipoianzisha nililiweka jina Singer ndani ya anwani yake na kubandika nembo ya kampuni juu ya kila ukurasa, nikiamini kwamba asiyeuza kitu hawezi kugusa haki ya mwenye alama ya biashara.

Aliyeniondoa katika imani hiyo ni mama mmoja wa Muheza, aliyenipigia simu akitaka nimbadilishie cherehani yake mpya iliyokuwa bado chini ya dhamana. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba mimi si wakala, na kwamba aende na stakabadhi kwenye duka alikonunua. Akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, mbona umeandika Singer hapo juu?" Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinikosesha raha kuliko ambavyo barua ya wakili yeyote ingenikosesha, kwa maana alikuwa amepoteza muda wake kwa kuniamini.

Hapa Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, na hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha usajili huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina sheria na usajili wake. Kilichonisaidia zaidi, hata hivyo, ni shauri la Ulaya ambalo halitufungi sisi. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mwenye gereji wa Uholanzi aliyekuwa akiuza na kutengeneza BMW zilizokwishatumika angeweza kulitaja jina hilo katika matangazo yake, ilimradi asiwafanye watu wadhani kwamba ana uhusiano wa kibiashara na kampuni. Nilipolisoma niliona wazi kwamba maandishi yangu hayakuwa na tatizo, kwani huwezi kumfundisha mtu kurekebisha Singer 15K bila kuitaja Singer. Tatizo lilikuwa anwani na ile nembo.

Wapo walioniambia kwamba jina Singer limekwisha kuwa la watu wote, na wana sehemu ya ukweli. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba baada ya hataza za cherehani hizo, yaani haki za uvumbuzi wake, kumalizika muda, wengine waliruhusiwa kulitumia jina hilo, lakini kwa sharti la kuonyesha wazi kwamba watengenezaji ni wao. Baadaye kampuni ililirejesha jina lake mikononi, kwa hiyo sikuthubutu kujenga juu ya hukumu hiyo.

Nilisajili anwani mpya isiyo na jina la kampuni yoyote, nikaondoa nembo na kuweka picha nilizopiga mwenyewe za mashine zilizo mezani kwangu. Maelezo kwamba mimi ni fundi binafsi, nisiye na uhusiano na watengenezaji, niliyaweka juu kabisa, si chini mahali ambapo yule mama asingefika. Nilifuta pia vitabu vya maelekezo nilivyokuwa nimevipiga skani na kuvipandisha kwenye tovuti, ingawa hilo ni suala la hakimiliki, jambo jingine kabisa ambalo wengi wetu hulichanganya na alama za biashara. Ndani ya makala jina limebaki pale linapohitajika, kwa herufi za kawaida, kama ninavyolitaja jina la Butterfly, cherehani ya chapa nyingine, ninapolinganisha mashine hizo mbili.

Muuza sindano mmoja aliomba kutangaza kwenye ukurasa wa 15K. Nilimkatalia, kwa kuwa tangazo kando ya jina hilo lingewarudishia wasomaji dhana ileile kwamba mimi ni wakala.