Kimanda kina mpishi wake, urojo hauna

Hoteli moja ya Shangani, miongoni mwa zile zinazosifiwa sana mjini Unguja, huandaa branchi, yaani mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, kila Jumapili kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, na siku hizi ni shida kupata meza bila ya kuweka nafasi mapema. Wiki iliyopita nilikwenda na mume wangu pamoja na shangazi yangu, aliyekuja kwa boti kutoka Wete, Pemba, kututembelea. Tulikula vizuri, tena kwa raha, lakini niliondoka na jambo ambalo nahisi ni lazima niliseme, nalo ni namna chakula chetu kinavyopewa nafasi katika meza za kifahari za mji wetu wenyewe.

Jengo ni la zamani, lina kuta nene za mawe na chokaa, na ukumbi wake wa kulia ni mrefu na mwembamba kama ilivyo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, kwa kuwa waashi wa wakati ule walijenga kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Wenyewe wameutunza vyema, na maelezo yaliyotundikwa mlangoni yanamkumbusha mgeni kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ni haki yao kujivunia. Ila urithi wa mji huu umo pia jikoni, na humo ndimo nilimotaka kuona uangalifu ule ule waliopewa milango na boriti.

Nianze na kilichonifurahisha. Mbaazi za nazi zilikuwa zimepikwa na mtu anayezijua: zimeiva bila ya kupondeka, na tui zito limetiwa mwishoni juu ya moto mdogo, hivyo halikukatika wala kuacha mafuta juu. Mandazi yalikuwa ya moto na hiliki ilisikika. Lakini kilichomfanya shangazi aache kuzungumza ni mkate wa kumimina. Aliukata kwa kisu, akaugeuza kipande ubavu, akatazama vile vitundu vyembamba vilivyosimama kutoka chini hadi juu mfano wa sega la nyuki, kisha akasema, "Huu mchele umerowekwa na kusagwa, si unga wa paketi." Yeyote aliyewahi kuupika nyumbani anajua uzito wa maneno hayo, kwa sababu mchele ukisagwa vibaya, au hamira ikikosa kuumuka sawasawa, au moto wa juu ukizidi kabla ya mkate kushika, vitundu hivyo havitokei na unabakiwa na kitu kigumu kisichovuta chai. Baadaye tuliambiwa kwamba anayeupika ni mama wa Kipemba ambaye huingia jikoni alfajiri. Sikushangaa.

Sasa urojo, ule mchuzi wetu mzito unaoliwa na bajia na viazi ndani ya bakuli. Katikati ya ukumbi kulikuwa na meza ya mayai, na nyuma yake mpishi aliyevaa kofia nyeupe akimuuliza kila mgeni anapenda kimanda chake kiwe na nini, akakipika mbele yake na kumkabidhi kikiwa kinafuka moshi. Urojo ulikuwa pembeni, karibu na mlango wa jikoni, umekwisha kumiminwa katika vibilauri vidogo vilivyopangwa kwenye sinia. Bajia zilikuwa zimelowa mpaka zimevunjika, chipsi za muhogo zimelainika, na chatne ya nazi imezama chini. Hata kibao cha jina hakikuwapo, na nilimwona mgeni mmoja akinyanyua kibilauri, akakinusa, akakirudisha.

Hili lilinihuzunisha kwa sababu urojo, kuliko hata kimanda, ni chakula cha kutengenezewa mlaji papo hapo. Ule mchuzi wa manjano, ulioungwa kwa unga na kutiwa ukali wa embe mbichi au ukwaju, ni msingi tu; utamu wake unatokana na mkono wa muuzaji anayepanga viazi, kachori, bajia za dengu, yai na mshikaki ndani ya bakuli, akamimina, akanyunyiza chipsi mwisho kabisa ili ziwe bado zinavunjika mdomoni, huku akikuuliza pilipili kiasi gani na ndimu kiasi gani. Muuzaji wa Forodhani au wa Darajani hufanya hivyo kwa kila mteja, kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya ile tuliyolipa hotelini. Kama hoteli inaweza kumweka mpishi kwa ajili ya mayai, basi inaweza kumweka mwingine kwa ajili ya urojo, na naamini meza hiyo ndiyo ingekuwa na foleni ndefu kuliko zote.

Tulimweleza hayo msimamizi wa ukumbi, kijana wa Mjini mwenye adabu, ambaye alimwamkia shangazi kwa shikamoo na kusikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba yeye mwenyewe amekwisha kulipendekeza, na akamwomba shangazi aandike maoni yake katika daftari la wageni. Shangazi aliandika ukurasa mzima, na chini yake akaeleza namna ya kuiunga chatne isitoe maji.

Adhana ya adhuhuri ilipoingia, wahudumu waliwaelekeza waliotaka kusali kwenye chumba cha juu na wakazilinda meza zao bila ya kuondoa sahani, jambo ambalo nalishukuru sana, kwani branchi ya saa hizo ingeweza kumlazimisha mtu achague kimoja.

Bei ni shilingi 75,000 kwa mtu mzima, na juisi za bungo na ukwaju zimo humo. Anayetaka kwenda aweke nafasi tangu Alkhamisi, aombe meza ya upande wa bahari, na aanze na mkate wa kumimina, kwa sababu sinia la kwanza likimalizika la pili huchelewa kutoka jikoni.