Emerald, Mwaka Ziwa Liliporudi Nyuma

Mwaka 2006 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamepungua mno. Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, wachukuzi wa dagaa walikanyaga tope gumu kuifikia mitumbwi ambayo zamani ilifungwa karibu kabisa na soko. Mvua hakuna, umeme wa mgawo nchi nzima. Katikati ya ukame huo mama mdogo akarudi kutoka Nairobi na kaseti ya kijani ya Pokémon Emerald, mchezo wa video wa kukamata na kupambanisha wanyama waitwao Pokémon, zawadi yangu ya kufaulu mtihani.

Game Boy Advance SP, mashine ya mkononi ya kuchezea kaseti hizo, nyumbani ilikuwa moja tu, ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Yeye alikuwa na Ruby, toleo lililotangulia, ameshaimaliza na kuirudia. Akaigeuzageuza kaseti yangu mkononi, akasema, "Hii ni ileile, mdogo wangu. Wamebadilisha rangi tu."

Mwanzoni maneno yake yalielekea kuwa kweli. Hoenn, nchi ya mchezo, ni ileile, na Profesa Birch bado anakimbizwa porini, ingawa safari hii na Zigzagoon badala ya Poochyena. Pokémon wanapoingia vitani wanajitikisa, wakati ndani ya Ruby walisimama kama picha ya ukutani. Kaka alipomtafuta Zangoose kule njia ya 114 akamkosa, akanicheka hadi chakula cha usiku.

Basi nikaendelea. Chaji tulipata kwenye kibanda cha jenereta, tukapanga foleni na watu wa simu.

Ndani ya Ruby adui ni mmoja: Team Magma, wanaotaka nchi kavu iongezeke, wanamwamsha Groudon, Pokémon wa kale wa ardhi. Team Aqua wapo, lakini wanapingana na Magma, kwa hiyo unawaona kama watu wema. Ndani ya Emerald wote wawili ni adui zako. Maxie, mkuu wa Magma, anamwamsha Groudon, Archie, mkuu wa Aqua, naye anayetaka bahari imeze ardhi anamwamsha Kyogre wa bahari, na wanyama hao wanakutana Sootopolis, mji uliojengwa ndani ya kreta yenye maji. Nilipofika pale nikamwita kaka. Jua kali likawaka juu ya mji, mara mvua ikapiga, mara jua tena. Hakucheka. Nje ya dirisha letu ardhi ilikuwa imepasuka, na baba mkubwa, mvuvi tangu ujana wake, alikuwa ameacha kwenda ziwani.

Ikabidi nipande mnara wa Sky Pillar kumwamsha Rayquaza, Pokémon wa angani. Kaka alimfahamu Rayquaza wa Ruby: unamkuta juu ya mnara ukishamshinda bingwa, unamkamata, basi, hana kazi nyingine katika hadithi. Huyu wangu alishuka kutoka mawinguni, akanguruma, na wale wawili wakaacha ugomvi, kila mmoja akaenda zake. Taa ya betri ilikuwa imeshageuka nyekundu. "Sevu! Sevu haraka!" kaka alipiga kelele, na nikawahi.

Naamini mpaka leo kwamba hapo ndipo toleo la pili linapolishinda la kwanza. Ruby inakuambia anayetaka ardhi ni mbaya. Emerald inakuonyesha kwamba anayetaka maji peke yake naye anaua, na sisi watoto wa ziwani tulihitaji kuonyeshwa hilo.

Tangu usiku huo kaka alikaa begani kwangu. Alihuzunika kwamba Steven, bingwa wa Ruby, si bingwa tena na nafasi yake ameshika Wallace mwenye Pokémon wa maji watupu, lakini nilipomsimulia jinsi Steven alivyosimama upande wangu hapo awali kupigana na Magma katika mji wa Mossdeep, alishangilia. Nikamsimulia pia jinsi Tate na Liza, pacha wakuu wa ukumbi wa mapambano wa Mossdeep waliokuwa na Pokémon wawili tu ndani ya Ruby, walivyokuja na wanne, wakanipiga vibaya. Na Battle Frontier ndiyo iliyommaliza kabisa: majumba saba ya mapambano mahali ambapo yeye alikuwa na mnara mmoja. Battle Palace aliipenda kuliko zote, kwa sababu humo huwezi kumwamuru Pokémon wako. Anapigana kwa tabia yake mwenyewe.

Kaseti inahifadhi safari moja tu. Tukakubaliana kwamba shule zikifunguliwa itakuwa yake. Siku hiyo akaifuta yangu mbele yangu, akaanza upya. Mtu ambaye ndani ya Ruby hakuwahi kuchagua mwingine wa kuanzia ila Torchic wa moto, akamchukua Mudkip wa maji.