Kipimo cha puto: kabla ya kuandika "ameshindwa"

Mgonjwa wa kufunga choo anapewa rufaa kutoka Mbarara kwenda Kampala, na barua yake inasema tu: "Kipimo cha puto: ameshindwa." Katika kipimo hiki mgonjwa husukuma nje puto lililojazwa maji ndani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo. Puto lilijazwa kiasi gani? Alikaa au alilala? Alipewa muda gani? Bila majibu hayo, anayempokea hana budi kupima upya. Ili kuondoa mkanganyiko wa aina hii, kikundi cha kimataifa cha wataalamu kilichapisha itifaki ya London, mwongozo wa kupima puru na njia ya haja, mwaka 2020. Mashine ya manometria, inayopima shinikizo la puru na njia ya haja, ni ghali, lakini puto linawezekana hata hospitali ya wilaya.

Andaa katheta laini yenye puto, bomba la sindano la mililita 50, maji ya nyuzi 37, kiti cha choo na saa inayoonyesha sekunde. Wengi hutumia katheta ya Foley, ile ya mkojo, namba 16. Si vibaya, ila umbo la puto lake ni tofauti na lile refu la kama sentimita 4 linalotumiwa kwingine, na umbo hubadilisha majibu. Chagua aina moja, baki nayo, iandike. Ijaze mililita 50 mezani kwanza: ikipasuka au ikivimba upande, afadhali iwe hapo.

Anza kwa kidole. Puru ikiwa imejaa kinyesi, mpe enema asubiri angalau nusu saa, la sivyo utakuwa unapima kinyesi. Alale ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, ingiza puto lililopakwa jeli, lijaze, kisha akae kitini. Saa inaanza akishakaa, si akiwa bado anatembea.

Kisha toka. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika: katika wodi yenye pazia moja, na wauguzi wakipita, mtu mwenye afya kamili atabana. Tafuta chumba chenye mlango. Maelekezo yatolewe kwa lugha anayoielewa vizuri, Luganda, Runyankole au Kiswahili, kwa sentensi ileile iliyoandikwa awali: "Lisukume kama unavyofanya chooni." Ukimwambia tu "sukuma", wengine hubana tumbo na kufunga njia kwa pamoja.

Wagonjwa wetu wengi huchuchumaa nyumbani, na kuchuchumaa hunyoosha pembe kati ya puru na njia ya haja. Hata hivyo mpime akiwa amekaa, maana ndivyo viwango vilivyowekwa. Ukitaka kuona tofauti, rudia akiwa amechuchumaa, na uandike kama jibu la pili.

Vituo vingine huweka kikomo dakika 1, vingine 2. Andika sekunde zenyewe: "puto limetoka sekunde 85" humfaa kila msomaji, "kawaida" haimfai yeyote. Likikataa, punguza maji na ulitoe mwenyewe. Na usiandike utambuzi wa tatizo la kusukuma choo kwa puto peke yake: vigezo vya Roma vya mwaka 2016, vya kimataifa vya kutambua matatizo ya utumbo, vinataka vipimo viwili kati ya vitatu viwe na kasoro, yaani puto, manometria au kipimo cha umeme wa misuli, na picha za puru ikisukuma.

Wenye manometria wafuate mpangilio wote: dakika 3 za kutulia, sekunde 60 za mapumziko yanayorekodiwa, kubana mara 3 kwa sekunde 5, kubana mara 1 kwa sekunde 30, kukohoa mara 2, kusukuma mara 3 kwa sekunde 15. Anayeruka mapumziko ya katikati hupima uchovu. Shinikizo la wanaume huwa juu kuliko la wanawake, na katheta zinazopima kwa maji yanayopita ndani yake hazitoi namba sawa na zile zenye vihisio imara, kwa hiyo usiazime viwango vya mashine nyingine. Kwa mtoto anayeshukiwa Hirschsprung, ugonjwa wa kuzaliwa wa utumbo kukosa neva mwishoni, misuli ya njia ya haja isipolegea puto la hewa linapojazwa puruni, kumbuka puru iliyotanuka sana huhitaji hewa zaidi. Uhakika hutoka kwenye biopsi, yaani kipande cha puru kinachochunguzwa kwa hadubini.

Kidonge chenye alama zinazoonekana kwenye eksirei, 24 kwa kawaida, kije mwisho. Alama zikibaki zaidi ya 5 siku ya 5 utumbo unaweza kuwa unasafirisha choo polepole, lakini mtu asiyeweza kusukuma naye hubaki nazo. Dawa za kulainisha choo zisimamishwe kabla.