Gegedu limetutia adabu
Jamani leo nimecheka mwenyewe maabara. Tuko watatu kwenye hii kazi ya gegedu la goti, ile tishu inayoteleza inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo: mimi wa seli, daktari wa upasuaji wa mifupa na injinia wa mashine, kila mtu na lugha yake. Daktari analeta vipande vinavyotolewa wakati wa kubadilisha goti, mimi nakata, injinia anavibonyeza apime ugumu. Sasa wiki nzima namba zinatoka za ajabu, vipande vigumu kama plastiki, tukabishana weee, kumbe shashi ya kufungia haikuloweshwa vizuri maji ya chumvi, gegedu limekauka! Na hicho kitu asilimia 65 mpaka 80 ni maji, ndo yanayosaidia kubeba uzito wako ukitembea. Halafu halina mishipa ya damu wala ya fahamu, ndo maana likilika halijirudishi kirahisi, daktari wa Uskoti William Hunter alishaandika hilo 1743 na mpaka leo bado tunahangaika nalo. Ila kipande kizima kile, cheupe, kinateleza kama sabuni iliyolowa, huamini kinaweza kulika kimya kimya hivyo. Kesho tunaanza upya, daktari kaahidi kuleta ndoo nzima ya maji ya chumvi 😂