Mahindi ya ng'ombe: kumbukumbu ya mradi wangu wa saileji, Machame

Machi, kabla mvua haijakaza

Kwa asiyeijua Machame: nyumbani ni juu, kwenye kihamba, migomba na kahawa vimejaa hadi mlangoni na ng'ombe wanalishwa bandani mwaka mzima. Shamba la mahindi liko tambarare, upande wa Bomang'ombe. Majani ya ng'ombe lazima yapande mlima, kichwani, kwa pikipiki au kwa kirikuu, na mpandishaji mkuu ni mimi. Masika mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, yanatosha. Ikifika Agosti tunaanza kununua mabua makavu, ambayo hujaza tumbo la ng'ombe na kuiacha ndoo ilivyo.

Msimu huu nusu ya shamba ni ya saileji, yaani malisho mabichi yaliyokatwakatwa na kushindiliwa shimoni bila hewa ili yachachuke na kudumu. Hesabu yenyewe: ng'ombe wawili, kilo 20 kila mmoja kwa siku, miezi mitano ya ukame. Tani 6. Ekari moja ya mahindi yaliyotunzwa hutoa zaidi ya hapo ukiyakata mabichi pamoja na bua, majani na hindi lake, kwa hiyo hata mvua ikibabaisha nina pa kupumulia.

Mbegu ni DK 8031, ya kukomaa mapema, kwa kuwa mvua za kule chini zina tabia ya kukatika ghafla. Wengi hunishauri mbegu ndefu za kuchelewa, eti ndizo zenye majani. Sikubaliani nao kwa shamba kama langu. Sehemu kubwa ya nguvu ya saileji imo kwenye punje, na bua refu lisilobeba hindi ni mabingobingo ya gharama. Nafasi ni sm 75 kati ya mistari na sm 25 kati ya mashimo, punje moja moja. Upande wa mahindi ya kula naacha sm 30.

Jambo jingine ni samadi. Anayevuna punje huacha mabua shambani. Anayekata saileji huondoka na mmea wote, na potasiamu nyingi iliyomo kwenye mabua huondoka nao. Kwa hiyo kirikuu inayopandisha mavuno ni lazima pia ishushe samadi, la sivyo baada ya misimu michache nitakuwa nimelihamishia shamba bandani.

Aprili na Mei

Viwavijeshi vamizi, kama kila msimu tangu walipoingia nchini mwaka 2017. Nakagua asubuhi mapema, naangalia moyo wa mmea, na nikiona vinyesi vibichi napulizia viwavi wakiwa bado wadogo. Kwenye mahindi ya saileji nasoma kibandiko cha dawa mara mbili, maana siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna zinahusu majani pia. Ng'ombe hamenyi hindi akatupa maganda.

Palizi, urea ya kukuzia. Hakuna la kusimulia.

Juni, katikati

Mama mkwe ameshuka shambani. Baada ya shikamoo na marahaba, alisimama pembeni akiyatazama mahindi yalivyobeba.

"Mwanangu, haya ni chakula cha watu."

"Ni kweli, mama. Ya upande wa barabara ndiyo yetu. Haya ya chini ni ya ng'ombe tangu nilipoyapanda."

"Na vuli ikikataa?"

Swali hilo halina jibu la haraka, na ndiyo sababu nimetenga nusu tu. Lakini hesabu ya mahindi inadanganya ukiiangalia wakati wa mavuno peke yake. Wakati huo kila mtu anauza na bei iko chini. Maziwa hupanda bei kiangazi, ng'ombe wa mtaa mzima wakiwa wamekauka. Na bua likisubiri hadi punje zikauke, linalobaki ni nyuzi ngumu. Protini imekwisha, utamu umekwisha.

Juni, mwishoni

Sasa naishi kwa kucha, nikipima siku ya kukata. Wanaopanda mahindi ya njano huvunja hindi katikati na kuuona mstari kwenye punje, juu wanga uliokwisha kukomaa, chini maziwa. Yetu ni meupe na mstari haujitokezi vizuri, kwa hiyo nabandua punje na kuiminya kwa kucha kuanzia juu, upande wa nje, kuelekea kwenye gunzi. Panapokataa kuingia kucha ni wanga. Panapoanza kubonyea ndipo mstari ulipo. Nangoja ufike nusu au uipite kidogo. Hapo mmea mzima una unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na majani ya juu bado ni ya kijani.

Nachukua mahindi ya katikati ya shamba. Ya pembezoni hukauka mapema na kukutia haraka isiyo na maana.

Julai, siku ya kukata

Kijana wa mashine alifika na visu vimenolewa, kama tulivyokubaliana. Vipande sm 1 hadi 2. Vikiwa virefu havishindiliki, na ng'ombe huchagua majani akaacha vigingi vya bua kwenye hori.

Kabla ya kuruhusu mzigo wa kwanza upande nilishika konzi, nikakamua kwa nguvu, nikaachia. Maji yakichuruzika ni mapema. Utamu utavujia chini ya shimo na harufu itakuwa ya kuoza. Likisambaratika papo hapo, yamekauka na hewa haitatoka. Langu lilifunguka taratibu, kiganja kikabaki na unyevu tu. Twende.

Shimo lina urefu wa m 5, upana m 2, kina m 1.2, sakafu imeinama kidogo na mfereji unazunguka juu. Likishindiliwa sawasawa linabeba tani 6 hadi 7. Kila tabaka la sm 15 au 20 tulilipitishia pipa la lita 200 lililojaa maji, huku vijana wakikanyaga kingo na kona ambazo pipa halifiki. Wenyewe walitaka kujaza kwanza na kukanyaga baadaye. Nilikataa. Hewa ya chini haitolewi kutoka juu.

Nimeulizwa kuhusu molasi. Kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini, kuipata si shida, ila mahindi yana sukari yake ya kutosha. Molasi naiwekea mabingobingo. Bakteria wanahitaji sukari hiyo na kutokuwepo kwa hewa. Wakipata vyote viwili hutengeneza asidi ya laktiki, uchachu unaongezeka hadi pH, kipimo chake, inashuka karibu na 4, na maadamu hewa haiingii malisho hayaozi.

Tulimaliza kwa mgongo ulioinuka ili mvua isituame, nailoni nyeusi nzito, udongo, matairi ya zamani. Tangu hapo kazi yangu ni kuwinda matundu ya panya na kuyaziba.

Agosti, kufungua

Nimefungua upande mmoja tu, ule wa chini. Rangi ni kijani kilichopauka kuelekea njano, na harufu ni ya togwa iliyoanza kuchachuka. Pembeni, chini ya mkunjo wa nailoni, palikuwa na ukungu mweupe. Nimeutoa wote pamoja na tabaka lililo jirani na kuutupa mbali na banda. Sumu ya kuvu hupita kwenye maziwa, na hayo maziwa tunakunywa sisi.

Nakata ukuta wima, kutoka juu hadi chini, kiasi cha siku hiyo, kisha nafunika. Nilianza kwa kuchanganya kidogo na majani waliyoyazoea, nikaongeza kwa wiki nzima. Wanakula baada ya kukamuliwa, kwa sababu harufu ya saileji hukimbilia kwenye maziwa.

Septemba

Maziwa hayajaporomoka kama nilivyozoea kuona mwezi huu. Lakini saileji ya mahindi ni nguvu zaidi kuliko protini, asilimia 8 hivi ya uzito mkavu, na ng'ombe wa maziwa hatosheki na hiyo. Naongeza majani ya mlusina, ule mti wa malisho, na mashudu ya alizeti. Mlusina natoa kwa kiasi.

Jirani anataka nimuuzie magunia kadhaa. Nimemwomba asubiri. Ikishatoka shimoni na kukaa wazi saileji hupata joto, na ya kesho haitakuwa hii aliyoinusa leo. Msimu ujao nitashindilia nyingine kwenye mifuko yenye nailoni ndani, ya kilo 50, iwe ya kuuza bila kugusa shimo. Bei ya mifuko nimeshaiulizia Bomang'ombe.